Namna Mtandao wa Simu za Mkononi Unavyojua Alipo Mteja: Usajili wa Mahali, Mwito na Suala la Faragha

1.0 Utangulizi

Simu ya mezani ina waya unaoishia ukutani, na namba yake ni anwani: tarakimu za mwanzo huonyesha mkoa, zinazofuata huonyesha kituo, na za mwisho huonyesha waya wenyewe. Namba ya simu ya mkononi haina sifa hiyo. Laini iliyosajiliwa Mtwara yaweza kuwa Bukoba wiki inayofuata bila tarakimu hata moja kubadilika. Hata hivyo, mtu akiipigia, huita baada ya sekunde chache tu. Makala haya yanafafanua jinsi jambo hilo linavyowezekana kwa kutumia mfumo wa GSM, ulioanza kutoa huduma ya kibiashara nchini Finland mwaka 1991, kwa kuwa mifumo iliyofuata imerithi sehemu kubwa ya mantiki yake. Hoja ya msingi ni kwamba mtandao kujua alipo mteja ili umfikishie simu ni jambo moja, na mtandao kukumbuka alikopita ni jambo jingine. Mijadala mingi kuhusu faragha huyachanganya mambo haya mawili.

2.0 Kanda badala ya nukta

Eneo linalofikiwa na mawimbi ya antena moja huitwa seli. Katikati ya mji seli yaweza kuwa na upana wa mita mia chache, ilhali vijijini huenea kilomita nyingi. Kikomo cha kawaida cha GSM ni kilomita 35 kutoka kwenye mnara. Ili kumpata mteja, mtandao ungeweza kufuata mojawapo ya njia mbili zilizo kinyume. Njia ya kwanza ni kuilazimisha kila simu itoe taarifa kila inapohama seli. Hapo mtandao ungejua mengi, lakini betri zingeisha mapema na njia za redio zingejaa taarifa za watu ambao hakuna anayewapigia. Njia ya pili ni kutoiuliza simu chochote, kisha kuitafuta nchi nzima kila inapopigiwa. Kwa mtandao wenye mamilioni ya wateja, miito hiyo ingeziba kila mnara.

Suluhisho lililochaguliwa liko katikati. Seli kadhaa, pengine makumi, hukusanywa pamoja kuwa kanda ya mahali, na kila kanda hupewa namba yake. Kila seli hutangaza namba hiyo angani wakati wote, iwe kuna anayeisikiliza au hakuna. Simu iliyotulia mfukoni huisikiliza na kuilinganisha na namba iliyohifadhiwa kwenye laini. Zikilingana, simu hunyamaza. Zikitofautiana, hutuma taarifa fupi ya kusajili kanda mpya. Yafaa kusisitiza kwamba anayefanya kazi hapa ni simu. Mtandao haumfuati mteja nyuma, husubiri kuambiwa. Kwa hiyo, simu ambayo haitumiki hujulikana kwa kanda tu, na mwenyewe aweza kuzunguka kutwa nzima ndani ya kanda moja bila mtandao kujua kama yuko sokoni au nyumbani.

Uchoraji wa mipaka ya kanda ni kazi ya wahandisi, na makosa yake huonekana haraka. Tuseme mpaka umepitishwa katikati ya mkondo wa Magogoni jijini Dar es Salaam. Kila kivuko kinapovuka kwenda Kigamboni, simu za mamia ya abiria zingejisajili upya karibu kwa wakati mmoja, na jioni zingerudia tena. Mkazi wa ufukweni, anayepokea mawimbi ya pande zote mbili, angesajiliwa huku na kule bila hata kuinuka kitini. Ndiyo maana mipaka hupendelewa kupitishwa mahali penye watu wachache na mwendo mdogo.

Simu inayozimwa kwa kitufe huuaga mtandao kwanza, na anayeipigia huambiwa mara moja kwamba mteja hapatikani. Lakini betri ikichomolewa ghafla, au mteja akiingia pasipo na mawimbi, hakuna salamu ya kuaga. Mtandao huendelea kuamini kwamba yumo katika kanda ile ile, huita na kungoja, ndipo hukata tamaa. Kimya kirefu ambacho mpigaji hukisikia kabla ya tangazo mara nyingi hutokana na hali hiyo. Ili imani hiyo isidumu mno, simu hutakiwa kujisajili tena kila baada ya muda uliopangwa na mtandao. Katika GSM muda huo waweza kuwekwa kuanzia dakika 6 hadi saa 25 na nusu.

3.0 Njia ya simu moja

Taarifa za kanda huhifadhiwa katika rejista za aina mbili. Rejista ya nyumbani iko kwa kampuni iliyotoa laini. Humo namba ya simu huunganishwa na namba ya utambulisho iliyo ndani ya laini, yenye tarakimu zisizozidi 15, ambazo 3 za mwanzo hutaja nchi: 640 ni Tanzania na 639 ni Kenya. Rejista ya nyumbani haihitaji kujua kanda ya mteja. Inachojua ni swichi ipi inamhudumia kwa sasa. Rejista ya wageni huambatana na swichi hiyo, na ndiyo inayoijua kanda. Mteja akihamia eneo la swichi nyingine, rejista mpya huiarifu ya nyumbani, nayo huiagiza ile ya zamani imfute.

Simu inapopigwa, swichi ya mlangoni huiuliza rejista ya nyumbani. Hiyo huigeukia rejista ya wageni, ambayo hutoa namba ya kupitishia, yaani namba ya muda inayoelekeza kwenye swichi husika na kurudishwa kwa matumizi mengine punde simu inapofika. Swichi hiyo huamuru seli zote za kanda kurusha mwito. Simu zote zilizotulia huusikia, lakini hujibu moja tu. Jibu hilo ndilo linalofichua seli. Aidha, kwa kuwa mnara hupima ucheleweshaji wa ishara, umbali wa simu hujulikana kwa hatua za takribani mita 550. Ni hapo tu ndipo kanda inapogeuka kuwa mahali.

Utaratibu huu unaeleza pia ughali uliozoeleka wa simu za mipakani. Mtanzania akiwa Nairobi, rafiki yake wa hapo hapo akimpigia namba yake ya Tanzania, simu huenda kwanza Tanzania iliko rejista ya nyumbani, kisha hurudi Kenya. Wanaozungumza wamo katika mtaa mmoja, lakini mazungumzo yao yamevuka mpaka mara mbili, na kwa desturi mpigaji hulipia safari ya kwenda na mpigiwa hulipia ya kurudi. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliondoa gharama ya kupokea simu kwa wateja wake waliosafiri baina ya Kenya, Uganda na Tanzania.

4.0 Kujua na kukumbuka

Rejista hizi, kwa asili yake, hazina historia. Kanda mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, na iliyotangulia hupotea. Kumbukumbu hutoka kwingine: katika rekodi za simu zinazotunzwa kwa ajili ya malipo, ambamo seli iliyotumika huandikwa pamoja na saa na muda wa mazungumzo. Katika shauri la Carpenter dhidi ya Marekani, rekodi za aina hii za siku 127 ziliwapa wapelelezi nukta 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kuchukua rekodi hizo ni upekuzi, na kwa kawaida kibali cha hakimu kinahitajika. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinawahusu watunza rekodi hao pia.

Udhaifu wa pili hauhusu kutunza bali kuuliza. Mitandao huulizana kupitia Mfumo wa Ishara Namba 7, uliobuniwa katika miaka ya 1970 wakati kampuni za simu zilikuwa chache na zikiaminiana. Mfumo huo haukuwekewa njia ya kuthibitisha kwamba anayeuliza ana haki ya kuuliza. Desemba 2014 jijini Hamburg, mtafiti Tobias Engel alionyesha hadharani kwamba mwenye njia ya kuingia katika mfumo huo, akiwa nchi yoyote, aliweza kuuliza seli ya mteja kwa kujua namba yake ya simu tu. Sheria ya faragha ya nchi moja haimfikii kirahisi muulizaji wa namna hiyo. Kinachomzuia ni vichujio ambavyo kila kampuni huviweka mlangoni mwake.

Kwenye redio, wabunifu wa GSM walichukua tahadhari. Mwito hurushwa kwa namba ya muda badala ya ile ya kudumu, ili anayesikiliza angani asijue ni nani anayeitwa. Hata hivyo, mtandao ukiisahau namba ya muda huweza kuidai ya kudumu, na simu ya 2G huitoa waziwazi, bila kuhakiki kama anayeidai ni mnara halali. Katika 5G viwango vinaruhusu namba hiyo isimbwe ndani ya simu kwa ufunguo wa kampuni ya nyumbani kabla ya kurushwa hewani, iwapo kampuni imeuwasha ulinzi huo. Simu hiyo hiyo ikifika palipo na mnara wa 2G pekee, hujitambulisha kwa utaratibu wa mwaka 1991.