Kanabinoli, Usingizi na Ushauri wa Kichungaji

Miongoni mwa mizigo ambayo washarika humletea mchungaji, kukosa usingizi hutajwa mara chache, lakini huambatana na mizigo mingi mingine: msiba, deni, ugonjwa, ndoa iliyoyumba. Mtu akeshaye usiku baada ya usiku huwa tayari kujaribu lolote aambiwalo. Huko Marekani na katika nchi nyingine kadhaa, moja ya mambo aambiwayo siku hizi ni kwamba kanabinoli, kwa kifupi CBN, huleta usingizi na afya njema. Ni kiini kitokanacho na bangi, na huuzwa kwa namna ya matone, vidonge na pipi. Washarika wenye ndugu huko, na wanafunzi wetu waendao kusoma huko, hawatakosa kukutana nacho. Katika makala hii tunakusudia kueleza kiini hiki ni nini, kimethibitishwa kufanya nini, na mchungaji ajibu nini anapoulizwa.

Kanabinoli ni nini?

Mmea wa bangi una viini vingi vya jamii moja viitwavyo kanabinoidi. Viwili vinajulikana zaidi: THC, ambayo hulevya, na CBD, ambayo hailevyi. CBN haijulikani sana, na asili yake ni ya pekee. Mmea mbichi huwa nayo kidogo mno. Bangi inapokaa muda mrefu na kupatwa na hewa, mwanga na joto, THC huharibika polepole, na sehemu yake hugeuka kuwa CBN. Hivyo CBN ni alama ya bangi iliyochakaa.

Hata hivyo, CBN iliwatangulia wenzake katika maabara. Wataalamu wa kemia wa Cambridge, Uingereza, waliitenga mwishoni mwa karne ya 19, na muundo wake ulithibitishwa mwaka 1940 kwa kazi ya Roger Adams wa Marekani na Alexander Todd wa Uingereza. Muundo wa THC ulifahamika mwaka 1964, kwa kazi ya Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli.

Sifa yake ilitoka wapi?

Wavutaji wa bangi wamesema tangu zamani kwamba bangi iliyokaa husinzisha. Kwa kuwa bangi hiyo ina CBN zaidi, watu walihitimisha kwamba CBN ndiyo isinzishayo. Lakini bangi iliyokaa hubaki pia na THC, kwa hiyo hoja hiyo haitoshi. Mwaka 1975 wanaume watano walifanyiwa jaribio. Walipopewa CBN peke yake hawakusinzia. Walipopewa pamoja na THC, walijisikia wamelewa na kusinzia zaidi.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ushahidi haukutosha kuunga mkono madai ya wauzaji. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima wenye usingizi mbaya. Waliotumia miligramu 20 za CBN kwa siku 7 waliamka usiku mara chache kuliko waliopewa kitu kisicho na dawa, lakini hawakuwahi kusinzia mapema zaidi, wala uchovu wao wa mchana haukupungua. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kwamba CBN iliongeza usingizi wa panya. Basi lipo jambo la kuchunguzwa, lakini halijafikia kuitwa tiba. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha CBN kuwa dawa ya usingizi.

Tufundishe nini?

Wako watakaosema kwamba kila mmea umeumbwa na Mungu, kwa hiyo watu watumie bila hofu. Wako watakaosema kwamba kila kitokacho katika bangi ni cha shetani. Majibu yote mawili humwondolea mchungaji kazi ya kupambanua. Kuumbwa na Mungu si kibali cha kila matumizi, kwa maana hata mimea ya sumu imeumbwa. Wala kiini hakiwi najisi kwa sababu ya mmea kilimotoka.

Katekisimo Ndogo yatusaidia hapa. Luther, akieleza Amri ya Saba, alihesabu bidhaa za udanganyifu kuwa wizi. Amwuziaye mgonjwa tumaini lisilothibitishwa amegusa amri hiyo. Nayo Amri ya Nane yatufunga sisi wahubiri, tusishuhudie tusilolijua, ama kwa kusifu ama kwa kulaani.

Mchungaji afanye nini?

Kwanza, asikilize. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu (1 Wafalme 19), alipewa usingizi na chakula kabla ya kuulizwa neno lolote. Pili, ampeleke mtu kwa daktari, kwa kuwa kukosa usingizi kwaweza kuwa dalili ya sonona, maumivu au ugonjwa wa kupumua. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba tiba ya kwanza iwe ya mazungumzo na mwenendo: kuamka saa ile ile kila siku, kitanda kutumika kwa kulala, na kuondoka kitandani usingizi ukigoma. Tatu, aonye juu ya kuchanganya viini hivi na pombe au dawa za usingizi. Nne, aeleze sheria. Hapa Tanzania, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza bangi, na kifurushi kilichotumwa na ndugu kwa upendo chaweza kumletea mpokeaji mashtaka.

Katika maelekezo yake ya sala ya jioni, Luther alitaka Mkristo, akiisha kuomba, aende kulala mara moja kwa furaha. Wako washarika wasioweza, na kutoweza kwao si upungufu wa imani. Mwombolezaji akeshaye tusimwongezee hatia juu ya uchovu, wala tusimwache atumie fedha ya chakula kununua ahadi. Tumtembelee jioni, tuombe naye, na asubuhi tumsindikize hospitali.