Wazimu wa Nahodha, Mikono ya Mabaharia

Riwaya ya Moby-Dick ya Herman Melville, iliyochapishwa mwaka 1851, kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha mtu mmoja: Nahodha Ahab, aliyenyofolewa mguu na nyangumi mweupe wa jamii ile itoayo ambari, anazunguka bahari akitafuta kisasi mpaka anaangamia. Muhtasari huo si wa uongo, ila unaacha jambo kubwa. Mwenye kinyongo asiye na chombo hasira zake humwishia ufukweni. Ahab ana merikebu, ana mabaharia wapatao 30, tena ana matajiri wa bandari ya Nantucket waliogharimia safari. Ndiyo maana naisoma riwaya hii kama uchunguzi wa namna kazi halali inavyoweza kutumikia wazimu wa mkubwa mmoja huku taratibu zake zote zikifuatwa.

Ushahidi umo katika sura ambazo wasomaji wengi huziruka, zile za chusa, kamba na meko ya kuyeyushia mafuta. Melville aliijua kazi hiyo, kwani mwaka 1841 alisafiri na merikebu ya wavuvi wa nyangumi iitwayo Acushnet. Wavuvi hao walilipwa kwa mafungu ya mapato: Ishmael, msimulizi, anapangiwa fungu moja kati ya 300, na Queequeg mpiga chusa moja kati ya 90. Ahab anaichezea tamaa yao ya mapato kwa ustadi. Anapigilia sarafu ya dhahabu mlingotini iwe zawadi ya atakayemwona nyangumi mweupe kwanza, na anaendelea kuvua nyangumi wengine, maana anajua kwamba akigeuza mali ya watu kuwa chombo cha kisasi chake waziwazi, mabaharia watakuwa na haki ya kumgomea. Kisasi kimemtawala, lakini hesabu hakijamsahaulisha.

Atakayepinga atasema hatari ya nyangumi ilikuwa ya kweli, kwani mwaka 1820 nyangumi aliigonga na kuizamisha merikebu Essex ya Nantucket. Ni kweli, na Starbuck, msaidizi wa kwanza wa nahodha, anaijua hatari hiyo vizuri. Lakini yeye anavua kwa ajili ya mafuta, wala haoni maana ya kumlipiza kisasi mnyama. Pingamizi zito zaidi ni Starbuck mwenyewe: je, si yeye aliyempinga Ahab? Mapipa yanapovuja ngamani, anashuka kudai merikebu isimame yakaguliwe. Ahab anamwelekezea bunduki, kisha baadaye anakubali. Usiku mwingine Starbuck anaishika bunduki ileile nje ya chumba ambamo nahodha amelala, anaipima hatima ya wenzake wote, anairudisha mahali pake. Hakukosa dhamiri wala ujasiri. Katika sheria za chombo, kati ya kutii na kuua hakuona njia ya tatu.

Basi funzo la kuwaepuka viongozi wenye ndoto kali halitoshi, kwa sababu siku ya kupanda chomboni hakuna anayezijua ndoto hizo. Ahab alitangaza nia yake walipokuwa tayari baharini. Kinachoweza kukaguliwa kabla ya kung'oa nanga ni mpangilio wa madaraka: nani mwingine, kwa idhini ya wote, anaruhusiwa kuushika usukani nahodha akipotoka?