RAGA NA NUSU YA TATU: MCHEZO WA WAGENI, SOMO KWETU



Sisi wa bonde la Ruzizi, mtu akisema "mpira", tunafikiri mpira wa miguu tu. Toka Kamanyola mpaka Uvira, kila fasi yenye majani mafupi utaona watoto na mpira wao wa matambara. Lakini iko mpira mwingine ambao wengi wetu hatujauona hata siku moja. Si mviringo, umbo lake ni kama papai. Mchezo wake unaitwa raga. Leo tutaeleza namna unavyochezwa, nani aliuleta katika Afrika ya Mashariki, na hasa jambo moja: kile kinachofanyika kisha mwamuzi kupiga filimbi ya mwisho. Maana pale njo kuna somo kwetu.

1. Raga ni mchezo gani?

Kila ekipe ina watu 15. Mchezo ni dakika 80, yaani nusu mbili za dakika 40. Mpira unashikwa kwa mikono na mtu anakimbia nao. Kuupiga kwa mguu ni ruhusa pia. Lakini sheria moja inashangaza sana: kwa mikono huruhusiwi kumtupia mwenzako aliye mbele yako. Unatupa nyuma ao kando tu. Basi ukitaka kwenda mbele, ukimbie nao wewe mwenyewe, na wenzako wakufuate nyuma.

Adui naye anaruhusiwa kukukamata kiunoni ao miguuni na kukuangusha. Shingoni na kichwani ni katazo. Ukianguka, lazima uuachilie mpira mara moja. Hapo watu wanarundikana, vumbi inapanda, na mtu asiyejua anauliza: "Kwa nini wako wanapigana?" Hapana, hawapigani. Kila kitu kina sheria yake. Kosa dogo likifanyika, watu wanane wa huku na wanane wa kule wanainama, wanashikana mabega, wanasukumana kama ng'ombe dume, na mpira unaingizwa katikati yao. Hiyo inaitwa skramu.

Kupata pointi ni hivi: unaufikisha mpira nyuma ya mstari wa adui na kuugusisha chini kwa mkono. Hiyo ni trai, pointi 5. Kisha mwenzako anaupiga kwa mguu upite katikati ya miti miwili, juu ya mti wa kukingama. Akifaulu, pointi 2 zaidi. Adui akifanya kosa kubwa, mnaweza kupiga golini na kupata pointi 3. Zamani hesabu ilikuwa nyingine: mpaka mwaka 1971 trai ilikuwa pointi 3, kisha ikawa 4, na tangu 1992 ni 5. Ukumbuke jambo hili ukisoma matokeo ya zamani.

Tena iko desturi moja ambayo tungeipenda sana hapa kwetu: mwamuzi hazungukwi na watu. Kapiteni peke yake ndiye anayesema naye, kwa heshima. Mchezaji mwingine akibisha, ekipe yake inarudishwa nyuma mita 10. Akizidi, anatoka nje. Watu wakubwa wenye nguvu kama mbogo, wanafunga kinywa mbele ya mtu mmoja mwenye filimbi!

2. Nani aliuleta?

Rugby ni jina la mji wa Uingereza wenye shule iliyokuwa zamani ya wavulana. Husimuliwa kwamba mwaka 1823 mwanafunzi mmoja, William Webb Ellis, aliuokota mpira kwa mikono katikati ya mchezo na kukimbia nao. Wachunguzi wengi wanasema hiyo ni hadisi tu. Lakini jambo moja ni kweli: raga ilianza kama mchezo wa wanafunzi, na sheria za kwanza ziliandikwa na wanafunzi wenyewe. Msidharau basi mambo yanayoanzia shuleni.

Kenya ilipokuwa koloni, Waingereza walikuja na mchezo wao. Mechi inayokumbukwa kuwa ya kwanza ilichezwa mwaka 1909: maofisa wa serikali upande mmoja, walowezi wenye mashamba upande mwingine. Mwaka 1923 klabu ya Nondescripts ilianzishwa Nairobi. Jina hilo maana yake ni watu wasio na alama ya pekee, yaani watu wa namna yoyote. Lishikeni vizuri jina hili, tutalirudilia. Mabaharia wa meli ya vita iitwayo Enterprise walitoa kikombe, na tangu mwaka 1930 klabu zinashindania Kombe la Enterprise, isipokuwa miaka ya vita kuu ya pili. Mwaka 1952 ikaja klabu ya Kenya Harlequin, na mwaka 1953 chama kimoja cha raga cha Afrika ya Mashariki kikaundwa.

3. Mwaka wa mechi

Watu hawa walikuwa nani? Walikuwa karani wa benki, mwalimu, mkulima wa kahawa, ofisa wa polisi, injinia wa reli. Hakuna aliyelipwa. Sheria ya raga duniani pote ilikataza mchezaji kupokea franga, mpaka tarehe 26 Agosti 1995 ilipobadilishwa. Kila mtu alilipa mchango wa klabu, akanunua viatu vyake, na kwa safari wakachangia petroli.

Katikati ya juma walifanya mazoezi jioni, wakitoka kazini. Siku ya posho, yaani Jumamosi, ilikuwa siku ya mechi. Mara wako nyumbani, mara wako safarini. Kutoka Nairobi mpaka Nakuru ni kama kilomita 160. Mpaka Mombasa ni kama 480, na kule joto la pwani linamchosha mtu aliyezoea baridi ya mlima. Kampala ni mbali zaidi, kupita 600. Fikirini: unasafiri siku nzima katika vumbi, unapigwa mabega dakika 80, kisha Jumatatu asubuhi uko tena mezani pa kazi na jicho limevimba!

Mara chache wageni wakubwa walipita. Ekipe ya British Lions, iliyokusanya wachezaji bora wa Uingereza na Ireland, ilipitia Nairobi ikitoka Afrika ya Kusini. Mwaka 1955 iliifunga ekipe ya Afrika ya Mashariki 39 kwa 12. Mwaka 1962 ilirudi na kuifunga 50 kwa 0. Makarani na wakulima wale walijua watafungwa. Hata hivyo walicheza. Kwao kufungwa na mtu mkubwa kulikuwa habari ya kuwasimulia wajukuu.

4. Nusu ya tatu

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wafaransa husema kwamba raga ina nusu tatu: mbili za kiwanjani, na ya tatu ni ile ya mezani. Filimbi ya mwisho ikilia, ekipe moja inajipanga mistari miwili kama njia, na wengine wanapita katikati huku wanapigiwa makofi. Kisha wanabadilishana, waliopigiwa nao wanapiga. Halafu wote wanaoga na kwenda katika nyumba ya klabu. Wenyeji wanatoa chakula na kinywaji. Kapiteni wa wenyeji anasimama, anashukuru wageni na mwamuzi. Kapiteni wa wageni anajibu. Yule aliyekuangusha mara kumi anakuja na sahani yake, anaketi karibu yako, anauliza: "Bega lako liko namna gani?"

Hiyo si mapendezi tu. Ina kazi yake. Mchezo wa kugongana unaacha uchungu moyoni. Mtu akienda nyumbani na uchungu ule, utaoza ndani yake, na mechi ijayo atakuja kulipa kisasi. Lakini ukila pamoja naye, unamwona si adui, ni mtu mwenye jina, mwenye kazi, mwenye mtoto mgonjwa nyumbani. Kitu kilichoachwa kiwanjani kinabaki kiwanjani.

Tuseme kweli: katika klabu zile bia ilikuwa nyingi, na nyimbo nyingine hazifai kuandikwa hapa. Sisi tunajua shule yetu inasema nini juu ya pombe. Lakini mtu hatupi papai nzima sababu ya mbegu zake. Anatoa mbegu, anakula papai.

5. Nani hakuwa mezani?

Hapa njo fasi inayouma. Rudini kwa lile jina, Nondescripts, watu wa namna yoyote. Kweli walikuwa wa namna yoyote? Siku za ukoloni klabu za raga za Kenya zilikuwa za Wazungu. Wahindi walikuwa na klabu zao na michezo yao. Na Mwafrika? Mwafrika alikuwa ndani ya klabu, lakini kwa kazi: kukata majani ya kiwanja, kufua nguo zenye matope, kupika, kubeba sinia. Alisikia hotuba za urafiki, akaosha sahani zake.

Tusikimbie kusema "Wazungu wale walikuwa wabaya" na kufunga kitabu. Wengi wao walipendana kwa kweli, walisaidiana, walizikana. Matata ni kwamba meza yao ilikuwa nzuri kwa walioketi, na wao hawakuuliza kamwe nani amesimama. Mtu anaweza kumsamehe aliyemvunja pua, na hapohapo asimwone anayempa chakula.

6. Mlango ulifunguka namna gani?

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru. Waingereza wengi walirudi kwao, na klabu zikaanza kukosa watu. Watu wengine walifikiri raga itakufa pamoja na ukoloni. Haikufa, na aliyeiponya ni nani? Wanafunzi tena! Shule kubwa mbili za Nairobi zilizokuwa za watoto Wazungu zilianza kupokea Waafrika na kubadili majina: Prince of Wales ikawa Nairobi School, na Duke of York ikawa Lenana School. Wavulana Waafrika wakajifunza raga pale, wakamaliza masomo, wakabisha mlango wa klabu. Safari hii mlango ulifunguliwa, sababu moja ni kwamba walicheza vizuri, sababu nyingine ni kwamba bila wao kusingekuwa na ekipe.

Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walileta ekipe yao, Mean Machine, na mwaka uleule wakachukua Kombe la Kenya mbele ya klabu za wazee. Na tarehe 17 Aprili 2016, katika raga ya watu saba kwa saba, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore. Fiji, ambao mwaka ule ule walichukua dhahabu ya Olimpiki! Basi mchezo ulioletwa na wageni kwa kujifurahisha wenyewe umekuwa wa wenyeji.

7. Na sisi hapa Mutarule?

Hatuombi prefe atununulie mpira wa papai. Kiwanja chetu ni kigumu, mifupa ingevunjika. Tunaomba nusu ya tatu.

Wote tumeona mechi inayoishia kwa matusi, mara nyingine kwa mawe. Wageni wanakimbilia barabara, sisi tunapiga kelele nyuma yao. Mwezi ujao tunaogopa kwenda kwao. Na katika bonde hili, maneno ya kiwanjani yanageuka upesi kuwa maneno ya kabila. Hapa Mutarule hatuhitaji kuelezwa chuki inazaa nini. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa hapa kwetu, wengine wakiwa katika ibada. Hatusemi kwamba sahani ya mihogo ingezuia jambo kubwa namna ile. Hapana. Tunasema tu kwamba kijana aliyekula na mwenzake wa ngambo ya mto anajua jina lake, na ni vigumu zaidi kumrushia jiwe mtu unayejua jina lake.

Shauri letu ni hili:
- Mechi zianze mapema, ili wageni wafike kwao kabla ya giza.
- Kisha filimbi, ekipe mbili zipigiane makofi, kama wachezaji wa raga.
- Wote waketi nusu saa kivulini. Kila mwanafunzi alete kidogo: mhogo wa kuchemsha, karanga, avoka, ndizi. Chai itoke jikoni ya shule.
- Wachezaji wasiketi ekipe yao peke yao. Namba 5 aketi na namba 5, kipa na kipa.
- Makapiteni waseme maneno machache. Mwamuzi ashukuriwe, hata akikosea.

Na la mwisho, tusilisahau: wasichana waliopika na wadogo waliochota maji waketi pia. Tusiwe kama klabu zile, zilizosema "watu wa namna yoyote" na kumwacha mpishi amesimama mlangoni.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini katika raga mpira unatupwa nyuma, na ekipe inaendelea mbele?
2. Nani aliiponya raga ya Kenya kisha uhuru, na kwa nini?
3. Katika meza yetu ya shule, nani amesimama?

Kwaherini, tutaonana kiwanjani.