Rangi ya gereji hubambuka kwa sababu ya maji yaliyo ukutani

WENYE nyumba wengi nchini hukamilisha sebule kwanza, kisha vyumba vya kulala na jikoni. Gereji huachwa mwisho, na mara nyingi fedha huisha kabla ya zamu yake kufika. Matokeo ni kuta za mawe matupu ambazo fundi alijaza mianya yake kwa saruji akaenda zake, au plasta ya kijivu inayomwaga vumbi kila inapoguswa.

Hali hiyo haikuwa na uzito mkubwa enzi ambazo gereji ilikuwa mahali pa gari pekee. Lakini mijini, baadhi ya gereji za nyumbani zimegeuzwa kuwa maduka, stoo za nafaka, hata vyumba vya kulala. Ukuta unaotoa vumbi na kuota kuvu huharibu bidhaa, na huwasumbua zaidi watu wenye pumu.

Anayeanza kazi hii kwa mikono yake mwenyewe hukimbilia dukani kuchagua rangi. Rangi ndiyo jambo la mwisho kufikiriwa. Sehemu kubwa ya rangi inayobambuka katika gereji haikuwa mbovu. Ilipakwa juu ya ukuta uliokuwa na maji ndani.

Maji hayo huwa na vyanzo vitatu. Cha kwanza ni plasta yenyewe. Saruji huchanganywa na maji, na hata inapoonekana kavu kwa nje, ndani bado ina unyevu. Kanuni ya mafundi ni kusubiri angalau siku 28 kabla ya kupaka, na zaidi ya hapo msimu wa mvua au maeneo ya baridi kama Limuru.

Subira hiyo ina sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Saruji inaposhika hutoa chokaa, na chokaa iliyolowa ni alkali kali. Rangi ya mafuta ikikutana nayo, mafuta yake hugeuka kuwa aina ya sabuni. Ni badiliko lile lile linalotokea mtengenezaji wa sabuni anapochanganya kostiki soda na mafuta ya kupikia. Rangi hulainika, hunata vidoleni na hatimaye huchubuka kama ngozi iliyoungua. Mwenye nyumba humlaumu muuza duka ilhali kosa ni kuharakisha kazi.

Chanzo cha pili ni ardhi. Nyumba iliyojengwa vyema huwa na karatasi ya lami au nailoni nzito juu ya msingi ili kuzuia maji yasipande ukutani. Katika gereji, hasa ile iliyoongezwa baadaye, karatasi hiyo wakati mwingine huwa haipo, au udongo wa bustani umerundikwa nje hadi ukaipita. Dalili yake ni mstari wa unyevu unaopanda kutoka sakafuni, pengine kufikia magoti. Udongo huo uondolewe hadi uwe chini ya karatasi kwa sentimita 15 hivi, na maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta. Ikiwa karatasi haipo kabisa, hakuna rangi itakayotibu tatizo hilo, hata ile ghali inayosifiwa kuwa haipenyezi maji. Itayafungia tu ndani, nayo yatatafuta njia kwingine.

Chanzo cha tatu ni chumvi, na wakazi wa Pwani wanaifahamu zaidi. Mawe ya matumbawe na mchanga ambao haukuoshwa hubeba chumvi ambayo huvuta unyevu kutoka hewani. Ukutani hujitokeza kama unga mweupe. Wengi huuosha kwa maji, jambo ambalo huuyeyusha na kuurudisha ndani ya ukuta. Unapaswa kusuguliwa kwa brashi ngumu ukutani pakiwa pakavu, ufagiliwe na kutupwa nje, kisha ukuta utazamwe kwa wiki moja au mbili. Ukirudi, maji bado yanaingia mahali fulani.

Kuna njia rahisi ya kuupima ukuta. Kipande cha nailoni ya ujenzi chenye upana wa nusu mita kila upande hubandikwa ukutani kwa utepe unaonata, kingo zote zikazibwa, kisha kikaachwa kwa siku nzima. (Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, lakini nailoni ya ujenzi ingali inauzwa katika maduka ya vifaa.) Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, au ukuta ukiwa mweusi chini yake, kazi isubiri.

Ukuta ukikauka, maandalizi hayana miujiza. Gereji huwa na masizi ya moshi na madoa ya oili, na rangi ya maji haishiki juu ya grisi. Madoa hayo huoshwa kwa sabuni na maji ya moto, yakasuuzwa na kuachwa yakauke. Kuvu huuawa kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa, sehemu 1 ya dawa kwa 3 za maji, milango ikiwa wazi na mikono ndani ya glavu. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani hewa inayotoka ni sumu.

Nyufa nyembamba hupanuliwa kidogo kwa ncha ya mwiko ili kijazio kipate mahali pa kushika. Ukuta wa mawe ya kuchonga, kama yale yanayochimbwa Ndarugu, una matundu mengi na hunywa rangi bila kushiba. Uji mzito wa saruji na mchanga laini uliochekechwa, ukisuguliwa kwa brashi ngumu juu ya mawe yaliyoloweshwa, huziba matundu hayo kwa gharama ndogo kuliko plasta kamili. Huo nao ni saruji mpya, hivyo wahitaji muda wake wa kukauka.

Mkono wa kwanza uwe wa rangi ya msingi inayostahimili alkali. Asiyeweza kuinunua hutumia rangi ya maji iliyozimuliwa, takriban sehemu 1 ya maji kwa 4 za rangi, ili ipenye ndani badala ya kukaa juu kama utando. Baada yake hufuata mikono miwili isiyozimuliwa, kila mmoja ukisubiri uliotangulia ukauke.

Hesabu ifanywe kabla ya kwenda dukani. Gereji ya gari moja yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 ina takriban mita 37.5 za mraba kwenye kuta tatu. Mikono miwili ni mita 75. Juu ya plasta laini, lita moja hufunika mita 10 hivi, kwa hivyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Juu ya mawe yenye matundu, makopo manne huenda yakahitajika.

Shule na hospitali nyingi hupaka mita moja ya chini kwa rangi ya mafuta yenye kiza, na sehemu ya juu kwa rangi ya maji. Mtindo huo unafaa gereji pia, kwa kuwa tope na oili hufutika kwa kitambaa. Lakini sehemu ya chini ndiyo yenye unyevu mwingi zaidi, hivyo ukuta ambao haujathibitishwa kuwa mkavu usipakwe mafuta.

Kwa asiye na fedha, chokaa ingali chaguo la heshima. Nyumba za mawe ya matumbawe katika mji wa kale wa Lamu zimepakwa chokaa kwa karne nyingi, nayo huuacha ukuta upumue. Hulowekwa usiku kucha, ikachujwa na kupakwa nyepesi juu ya ukuta uliorashiwa maji, mara mbili au tatu. Huchafua nguo za anayeegemea ukuta, na ikiingia machoni huunguza.

Hatari kubwa zaidi ya gereji ni moto. Wapo wanaozimua rangi ya mafuta kwa petroli kwa kuwa imo karibu na ni rahisi kupatikana. Mvuke wake huenea sakafuni na huweza kuwashwa na jiko au swichi ya taa. Kinachotumika ni tapentaini, mlango ukiwa wazi na gari likiwa nje. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta navyo visirundikwe pembeni, kwani baadhi ya mafuta hujipasha joto yanapokauka hata yakashika moto. Vitandazwe uani.

Milango ya zamani isikwanguliwe ikiwa mikavu iwapo watoto wako karibu, kwa sababu rangi za kale huenda zina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi. Mnunuzi ana haki ya kutafuta alama ya ubora ya shirika la KEBS kwenye kopo kabla ya kulipa.