Biti 16 zinazotofautisha ukame na wingu Kinango

Wafugaji wa Ndavaya na Puma, katika eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale, huutambua ukame kwa macho: mabwawa hukauka, ng'ombe hukonda na mwendo wa kutafuta maji hurefuka. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) huongezea ushahidi mwingine unaotoka angani, na ushahidi huo husimama au kuanguka kwa jinsi nambari moja ndogo inavyosomwa.

Setilaiti ya Terra, iliyorushwa na shirika la Marekani la NASA Desemba 1999, hubeba chombo kiitwacho MODIS kinachopima mwanga unaoakisiwa na mimea. Kwa kila kipande cha ardhi chenye upana wa mita 250 hivi, hutolewa kipimo cha ukijani kila baada ya siku 16. Kipimo hicho hulinganishwa na cha chini na cha juu kabisa kilichowahi kupatikana mahali hapo katika majira yayo hayo, na matokeo huwekwa kwenye fahirisi ya hadi 100. Chini ya 35 ni ukame wa wastani, chini ya 20 ni mkali, na chini ya 10 ni uliokithiri. Fahirisi hiyo imekuwa miongoni mwa vigezo vya kutolea fedha za dharura kwa kaunti kame.

Tatizo ni mawingu. Wingu likifunika malisho, ukijani huonekana umepungua, hata pale mvua inapokuwa ndiyo kwanza imeingia. Ndiyo maana kila kipimo huandamana na nambari ya pili, ya ubora, yenye biti 16, yaani nafasi 16 ambazo kila moja ni 0 au 1.

Tuseme nambari hiyo ni 2116. Kwa biti huandikwa 0000100001000100, na huhesabiwa kutoka kulia kuanzia sifuri. Biti mbili za kwanza, 00, husema kipimo ni kizuri. Biti ya 6 na ya 7 hueleza kiasi cha vumbi na moshi hewani, ambacho hapa ni kidogo. Biti ya 8 ni ya wingu lililo jirani: ingekuwa 1, nambari nzima ingekuwa 2372. Biti ya 11 hadi ya 13 hutaja kama ni nchi kavu au maji.

Kuzichambua biti hizo kwa mkono ni kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi, na hapo ndipo zinapofaa maktaba za programu kama bitstring, iliyoandikwa na Scott Griffiths kwa lugha ya Python. Mwandishi wa programu hutaja tu urefu wa kila sehemu, nayo maktaba huikata na kuirudisha ikiwa nambari ya kawaida.

Hata hivyo, maktaba haijui nia ya mtumiaji. Kwa kawaida bitstring huhesabu nafasi kutoka kushoto, ilhali maelezo ya NASA huhesabu kutoka kulia. Aidha, biti 16 ni baiti mbili, na kompyuta hazikubaliani ni ipi itangulie. Programu za kufungulia faili za NASA hulipanga jambo hilo zenyewe, lakini anayesoma baiti ghafi akizigeuza, 2116 huwa 17416. Kwa kanuni zile zile, nambari hiyo husema kuwa Kinango ni bahari ya kina kifupi, yenye mawingu mchanganyiko, na huenda ina theluji.

Kosa kubwa namna hiyo hugunduliwa upesi. La hatari ni dogo: kukosea biti moja na kuliacha wingu lipite kama malisho yaliyokauka, au kukitupa kipimo sahihi cha nyasi zilizokwisha. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, mvua ilipokuwa haba kwa misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, nyasi ndizo zilizokwisha.

Sambamba na setilaiti, NDMA hukusanya pia takwimu za mashinani, zikiwemo bei za mifugo, maziwa yanayopatikana na umbali wa kwenda majini.