Pesa iko, mauzo yako, lakini saa hazikubaliani

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Jioni moja alipiga hesabu akakuta mauzo ya 4,200 kwenye zamu ya mchana, lakini pesa yenyewe haionekani kwenye malipo ya zamu hiyo. Dada wa mchana akaambiwa alipe, la sivyo aende nyumbani. Kumbe pesa ilikuwa imeingia saa kumi na mbili na dakika tano, zamu ya jioni ikiwa imeshaanza. Kompyuta ya kaunta ilikuwa nyuma kwa dakika 17, kwa hivyo iliandika mauzo hayo 17:48. Hakuna aliyeiba. Saa ndiyo ilidanganya.

Je, kwako saa ziko sawa? Hebu tuone.

Kwa nini saa inapotoka?

Saa ya kompyuta hutegemea kipande kidogo cha kwazi, na kila kimoja kina mwendo wake. Kupotea sekunde moja au mbili kwa siku ni kawaida, na kwa miezi michache hizo zinakuwa dakika. Stima ikipotea, saa huendeshwa na betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya mashine. Betri hiyo ikichoka, saa inabaki nyuma.

Simu yako na mitambo ya malipo huchukua saa kwenye mtandao, ndiyo maana ujumbe wa malipo na risiti ya kompyuta vinaweza kutofautiana.

Mashine huulizana saa vipi?

Zinatumia utaratibu unaoitwa NTP, ulioanzishwa na David Mills wa Marekani mwaka 1985. Kompyuta yako inatuma swali, "Saa ngapi?", na kuandika muda iliouliza. Seva inajibu ikitaja muda iliopokea swali na muda iliojibu. Kompyuta inapiga hesabu ya muda wa safari, kwenda na kurudi, inagawa kwa mbili, kisha inajirekebisha. Bila hesabu hiyo, jibu lingefika likiwa tayari limechelewa.

Kama una kompyuta moja tu

Fungua Mipangilio, nenda kwenye tarehe na saa, washa saa ya kujiweka yenyewe. Hakikisha eneo ni Nairobi, UTC+03:00. Kwenye Windows unaweza pia kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika:

w32tm /resync

Kama una seva na kompyuta kadhaa

Usiache kila kompyuta iulize kivyake huko nje. Seva iulize intaneti, kompyuta ziulize seva. Hata intaneti ikikatika, duka lote litabaki na saa moja.

1. Kwenye seva ya Linux yenye programu ya chrony, weka mistari hii miwili kwenye faili ya mipangilio, kisha uiwashe upya:

pool ke.pool.ntp.org iburst
allow 192.168.1.0/24

Mstari wa pili unaruhusu kompyuta za dukani pekee. Badilisha namba zilingane na mtandao wako.

2. Fungua lango la UDP 123 kwenye ulinzi wa seva. Likifungwa, kompyuta zitauliza na kukosa jibu.

3. Kwenye kila kompyuta ya Windows, kama seva yako ni 192.168.1.10, andika:

w32tm /config /manualpeerlist:192.168.1.10 /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync

4. Hakikisha. Kwenye seva andika chronyc tracking, kwenye Windows andika w32tm /query /status.

Mambo ya kuangalia

Rekebisha saa baada ya kufunga hesabu, si katikati ya mauzo. Ukirudisha saa nyuma huku unauza, risiti mpya zitaonekana kama zilitangulia za zamani.

Kama saa imepotea kwa siku nzima au mwaka, iweke kwanza kwa mkono karibu na saa halisi, ndipo uiambie ijisawazishe. Ikipotea tena kila stima ikienda, badilisha betri.

Ukisoma ripoti, kumbuka 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku, si saa ishirini.

Na hii usisahau: kurekebisha saa hakuhitaji PIN yako hata siku moja. Mtu akikupigia akisema "saa ya akaunti yako imepotea, nipe PIN tuirekebishe," kata simu.

Dada wa mchana bado yuko kazini, na shangazi alimwomba msamaha. Siku hizi, kabla ya kumuuliza mtu yeyote kuhusu pesa, anaweka simu yake kando ya kompyuta na kulinganisha saa. Wewe pia fanya hivyo leo, dakika moja tu inatosha.