Kiti Kisicho na Mshahara

Neno mdhamini huwatia watu baridi jijini Nairobi. Ukiombwa uwe mdhamini, unachokiona kwanza ni mkopo wa sako ambao mwenzako ameacha kulipa, au korido za mahakama ya Milimani na hati ya shamba iliyowekwa rehani ili jamaa aachiliwe kwa dhamana. Ndiyo maana watu wengi wenye ujuzi, wakiitwa na kituo cha watoto cha Kawangware au maktaba ndogo ya Kangemi waingie katika bodi ya wadhamini, hutuma mchango kwa simu upesi na kuomba radhi. Nawaandikia wao. Mimi ni mhasibu, nimekaa katika bodi mbili za namna hiyo bila kulipwa, na nasema bila kusita kwamba hakuna ofisi iliyonifunza kazi yangu kama viti vile.

Tuanze na maana yenyewe. Mdhamini wa shirika la hisani hana mali pale. Ameshika mali ya wengine. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina la wakfu: nyumba au shamba limekwisha kutoka mikononi mwa mwenyewe, pato lake linawaendea waliotajwa, na mutawalli ni mtunzaji tu. Sheria ya amana tuliyorithi kutoka Uingereza ilifika kwa njia nyingine, lakini inasimama juu ya wazo linalofanana na hilo. Kazi za kila siku ni za wafanyakazi. Bodi hukutana, aghalabu mara nne kwa mwaka, ikapitisha bajeti, ikamwajiri na kumsimamia mkurugenzi, ikasoma hesabu na kuamua shirika lielekee wapi.

Hapa Kenya shirika la aina hii laweza kuwa amana iliyosajiliwa chini ya Sura ya 164 ya sheria zetu, laweza kuwa kampuni isiyo na hisa, au laweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013. Sheria hiyo ilitiwa sahihi Januari 2013 ikakaa kabatini zaidi ya miaka 11, hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Majina ya kiti hubadilika: mdhamini, mkurugenzi, mjumbe wa bodi. Uzito wake haubadiliki sana.

Sasa faida. Mhasibu anayefanya kazi Upper Hill anaweza kumaliza miaka kumi akifuatilia madeni ya wateja tu, asijue mishahara inapangwaje wala benki inashawishiwa vipi. Katika shirika dogo yote yanakuja mezani jioni moja: kodi ya nyumba, paa linalovuja, mwalimu aliyejiuzulu, mfadhili anayetaka ripoti yake kufikia Ijumaa. Na huwezi kusema hilo si la idara yangu, kwa kuwa idara hazipo.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa Jumamosi, katika darasa lenye madawati ya watoto. Nilikuwa nimezipitia hesabu mara mbili na kuziona safi, kila risiti mahali pake. Mjumbe aliyewakilisha wazazi, mama anayeuza mboga sokoni, akauliza swali moja: kwa nini pesa za unga zimepanda na watoto wamepungua? Nilikuwa nimeupita mstari ule bila kusimama. Yeye hakusomea uhasibu, ila bei ya gunia aliijua, na bei ya pakiti aliijua. Kumbe stoo ilikuwa imeingiwa na unyevu, magunia yakaharibika, mpishi akaanza kununua pakiti za kilo mbili dukani ili unga usioze. Hakuna aliyeiba. Tukanunua mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni, tukarekebisha mlango, na robo iliyofuata gharama ikashuka. Tangu siku hiyo, hata katika kazi yangu ya mshahara, sisemi hesabu ziko sawa kabla sijajua kitu chenyewe kimewekwa wapi. Na namna yule mama alivyouliza, bila kumwaibisha mpishi mbele ya watu, ni ujuzi ambao bado najifunza.

Mfano mkubwa zaidi tunao hapa hapa, njiani kati ya mjini na Westlands. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wangari Maathai alikuwa akifundisha anatomia ya mifugo katika kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa amepata shahada ya uzamivu mwaka 1971. Kando ya kazi ya chuo alijiunga na vyama vya kiraia. Mwaka 1973 akawa mkurugenzi wa tawi la Nairobi la Msalaba Mwekundu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipopiga kambi Nairobi baada ya mkutano wa Stockholm wa 1972, kukaanzishwa mwaka 1974 Kituo cha Uhusiano wa Mazingira ili kuyaunganisha mashirika ya kiraia na kazi hiyo. Maathai akaitwa katika bodi yake, na baadaye akawa mwenyekiti. Alikuwa pia katika Baraza la Kitaifa la Wanawake, ambako wanawake wa mashambani walieleza walivyokosa kuni, maji na chakula cha kutosha.

Mtaalamu wa mifugo alikutana na habari za misitu na za wanawake mezani, katika vikao vya kujitolea, akaona kwamba ni habari moja. Tarehe 5 Juni 1977 msafara wa Baraza hilo ulitoka jumba la mikutano la KICC hadi Kamukunji, ikapandwa miti saba. Hiyo ndiyo mbegu ya Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sidai kwamba kila anayeketi katika bodi atafika huko. Nasema kwamba kiti kile kilimpa macho ambayo maabara ya Chiromo isingempa.

Upo pia mfano wa karibuni zaidi, Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, ikakabidhiwa baraza la jiji mwaka 1962, kisha ikazeeka miaka mingi huku vumbi likikaa juu ya vitabu. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange, mwandishi, na Angela Wachuka, mchapishaji, walianzisha amana ya Book Bunk, na kwa ushirikiano na kaunti wakaanza kuzifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Watu wa vitabu walilazimika kujua habari za paa, mikataba na serikali ya kaunti.

Kwa kijana faida ni ya karibu zaidi. Ukiwa na miaka 26 hakuna kampuni itakayokukabidhi bajeti nzima. Bodi ya mtaa itakukabidhi. Kutoka minara ya Westlands hadi Kangemi ni matatu moja tu kwenye Waiyaki Way, na upande ule wanahitaji mwekahazina, wakili, mtu wa kompyuta. Lakini anayekuja kutafuta watu wakubwa wa kumpa kazi hujulikana kufikia kikao cha pili, na hastahili kukaa.

Hofu niliyotaja mwanzoni ina msingi wake. Mdhamini aliyevunja amana anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe, na asiyehudhuria vikao hajiokoi kwa kutokuwepo. Mahakama ina uwezo wa kumsamehe aliyetenda kwa uaminifu na kwa busara, na busara hiyo huthibitishwa na kumbukumbu za mkutano. Kwa hiyo kabla ya kukubali, omba hati ya amana, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na kumbukumbu za vikao vya mwisho. Uliza nani wanatia sahihi benki, na ni wangapi. Halafu uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, kodi ya mishahara imefika KRA, na makato ya NSSF? Mashirika madogo mengi niliyokagua hayakuumizwa na wezi. Yaliumizwa na makato ya wafanyakazi yaliyotumiwa kulipa umeme mwezi mgumu, yakalimbikiza adhabu. Na mdhamini mwenye duka asiliuzie shirika kitu kabla hajatangaza kikaoni kwamba duka ni lake, kisha atoke nje wenzake waamue.

Hati nzuri hutaja pia muda wa kukaa. Wangu katika bodi ya kwanza ulikwisha baada ya miaka sita. Aliyenirithi ni binti wa miaka 27, karani wa benki. Nilimpelekea mafaili mawili mazito na kitabu cha hundi. Aliviweka mezani bila kuvifungua, akaniuliza ufunguo wa stoo uko kwa nani.